Kabla Nyundo ya Babu Haijapimwa kwa Kilo

Msomaji mpendwa, nyumbani kwenu mna nyundo? Bila shaka imo. Pengine iko chini ya kitanda, au nyuma ya mlango wa jikoni pamoja na koleo lililoota kutu na misumari mitatu iliyopinda. Hebu itoe leo Jumapili, uipanguse vumbi, kisha uitazame shavuni. Ukiona herufi zimechapwa ndani ya chuma, usiirudishe upesi. Huenda umeshika kipande cha historia ya mji ambacho hakimo katika kitabu cha shule.

Wageni wanaofika Mombasa hupelekwa kisiwani. Huonyeshwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na milango ya nakshi ya Mji wa Kale, kisha husimamishwa chini ya zile pembe kubwa za Moi Avenue wakapigwa picha. Ni vizuri, wala siwakatazi. Lakini je, umewahi kujiuliza waliofanya kazi za mikono za mji huu walikuwa wakirudi wapi jioni? Wengi wao walirudi ng'ambo. Walipanda Changamwe, wakavuka kwenda Kisauni, au wakashuka kwenye kivuko kuelekea Likoni, vyombo vyao vya kazi vikiwa ndani ya kikapu cha ukindu. Vyombo hivyo vingi bado viko huko huko. Leo nataka twende tukavitazame, wewe na mimi, na kama una watoto wa shule uwabebe nao.

Usitarajie jumba lenye tikiti mlangoni. Tunakwenda kwenye vibanda vya mafundi, nyua za nyumba za watu na magunia yaliyotandikwa kando ya barabara. Tena twende upesi, na sababu ya haraka hiyo utaiona tukifika.

HERUFI ZA RELI

Tuanze Changamwe, kwa maana huko ndiko chuma kilikoanzia safari ya kuingia bara. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ikavushwa kutoka kisiwani pale Makupa, ikapanda Changamwe, na kufikia mwisho wa 1901 ikawa imefika Kisumu. Vibarua na mafundi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walifia kazini. Watu wengi wakitajiwa habari hiyo huwakumbuka tu wale walioliwa na simba wa Tsavo mwaka 1898. Mimi huwakumbuka maseremala, waashi na wahunzi, wengi wao wa kutoka Punjab. Masingasinga waliobaki, pamoja na ndugu zao waliowafuata, ndio waliolifanya jina la Kalasinga likaribie kuwa na maana moja na fundi katika vinywa vya wazee wa pwani.

Ukizunguka Chaani, Magongo au Mikindani na kuulizia waliowahi kufanya kazi reli, hutakosa kuelekezwa. Mimi nilielekezwa kwa mzee mmoja wa Chaani, niliyemkuta ameketi kwenye kigoda kivulini mwa mwembe akitengeneza mpini wa jembe kwa kipande cha chupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wataka kununua ama wataka hadithi?"

"Vyote viwili, mzee."

"Hadithi ni bure. Nyundo haziuzwi."

Alimtuma mjukuu wake ndani, akatoka na sanduku la mbao lenye vyuma sita. Msomaji, kama hujui kusoma herufi za reli, ningependa ujifunze sasa, kwa kuwa ni elimu rahisi na haihitaji kalamu. Chombo chenye herufi U.R. ni cha enzi ile ya mwanzo, Reli ya Uganda yenyewe. K.U.R. ni Reli ya Kenya na Uganda, jina lililotumika kuanzia miaka ya 1920 mpaka 1948. Mwaka huo wa 1948 reli zetu ziliunganishwa na zile za Tanganyika, herufi zikawa E.A.R. & H., yaani reli na bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na kupewa shirika lake, ikabaki E.A.R. peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Kenya ikaunda shirika lake, na chapa ikawa K.R. Kwa hiyo nyundo moja iliyoandikwa E.A.R. & H. inakuambia kwamba ilitolewa stoo baada ya 1948 na kabla ya 1970, hata kama mwenyewe amekwisha sahau mwaka.

Sanduku la mzee lilikuwa na mbili za K.U.R. Alizirithi kwa baba yake, aliyekuwa kibarua wa reli. Hebu fikiri kidogo juu ya jambo hilo. Januari 1947 maelfu ya wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli wakiwamo, walisusia kazi kwa sababu mishahara haikutosha kodi wala chakula. Mji ulisimama. Mzee anasema baba yake alirudi nyumbani siku hiyo, akaisimamisha nyundo kwenye pembe ya chumba, na kwa siku zote za mgomo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mama alipotaka kuvunja kuni.

Nyundo iliyonivutia zaidi lakini ilikuwa nyingine, ndogo, kichwa chembamba, mpini mrefu kama bakora. Nilidhani ni ya mchezo. Mzee akacheka. Ni nyundo ya kugongea magurudumu. Zamani behewa likisimama, mtu hupita kando yake akiligonga kila gurudumu na kutega sikio.

"Gurudumu zima huimba," alisema. "Lenye ufa hukohoa."

Ndivyo ilivyo kweli. Chuma kizima hutoa mlio unaovuma na kudumu, bali ufa, hata usioonekana kwa macho, huukata mlio ule. Kazi ya kuokoa roho za abiria ilikaa katika sikio la mtu mmoja na gramu mia chache za chuma. Aliponionyesha kwa kuigonga reli fupi aliyoiegemeza ukutani, kuku wote wa uani walitimka.

JICHO LIKO KATIKA MTI

Usiondoke Changamwe bila kupita kwa wachongaji wa Kikamba katika chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa 1963. Watalii huja hapo kununua twiga na vifaru. Wewe usitazame twiga, mtazame fundi na tezo lake. Ufundi huu uliletwa Ukambani na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akaurudisha kwao Wamunyu. Kutoka Wamunyu ukashuka tena pwani, kwenye meli na watalii.

Sasa lichunguze tezo lenyewe. Nyundo ya Kizungu ina tundu katika chuma, na mti wa mpini hupenya ndani ya tundu hilo, ambalo mafundi huliita jicho. Katika tezo la mchongaji, na katika shoka la kienyeji pia, mambo ni kinyume: jicho liko katika mti, na mkia wa chuma ndio unaopenya. Mpini huchaguliwa penye fundo, pale tawi au mzizi unapovimba, ili mti usipasuke. Kila unapopiga pigo, chuma hujikaza zaidi ndani ya mti. Hauhitaji kabari wala msumari. Ukitaka kulinoa, unaligonga upande wa pili linachomoka, unalinoa, unalirudisha.

Nalipenda jambo hili kwa sababu upande wa pili wa dunia watu waliteseka sana na nyundo zilizokuwa zikichomoka vichwa. Huko Marekani, mnamo miaka ya 1840, mhunzi mmoja aitwaye David Maydole wa mji wa Norwich, jimbo la New York, alijipatia jina na mali kwa kuunda nyundo ya seremala isiyoruka kichwa. Alichofanya ni kulirefusha jicho la nyundo likafanana na lile la tezo la kwao, ili mpini ushikwe kwa marefu zaidi. Wamunyu hawakumsikia Maydole, na Maydole hakuwasikia Wamunyu. Shida ilikuwa moja, kila mmoja akaitatua kwa mti aliokuwa nao.

Na chuma cha tezo hutoka wapi? Mara nyingi ni springi ya lori. Mhunzi huikata, huipasha moto mpaka iive nyekundu, huifua ikapata umbo, huichovya majini ili iwe ngumu, kisha huirudishia moto kidogo isije ikawa ngumu kupita kiasi ikavunjika kama kigae. Lori lililochoka Mombasa huishia kuchonga twiga! Ndipo unapoona kwamba chuma chakavu si adui wa vyombo vya mkono. Chuma kilichochakaa ndicho mama wa vyombo vingi. Lakini kuna chakavu na chakavu.

MIZANI

Hapa ndipo penye ile haraka niliyokutajia. Pita barabara yoyote ya Changamwe au Kisauni asubuhi, utawakuta vijana wenye mikokoteni na magunia. Wananunua masufuria yaliyotoboka, mabati, vyuma vya vitanda, na kila kitu kinachoitika sumaku. Mwisho wa safari yao ni kwenye mizani. Mizani haina macho: nyundo ya K.U.R. na kipande cha mlango wa gari vikilingana uzito, vinalingana bei. Jioni vyote hupakiwa lori moja kwenda tanuruni, na kesho yake ni nondo za kujengea ghorofa.

Siwalaumu vijana hao hata kidogo, maana wanatafuta unga, na mji bila wao ungezama katika takataka. Wala sheria haijakaa kimya. Kuna sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayomtaka mnunuzi awe na leseni na aandike alichonunua na kwa nani. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara hiyo nchi nzima baada ya nguzo na nyaya za umeme kuibwa, ikairuhusu tena Mei mwaka huo huo kwa masharti. Lakini sheria inalinda nyaya na mataruma ya reli. Nyundo ya babu yako hailindwi na mtu ila wewe.

Nikigusia mataruma, nikuonye. Ukianza kupenda vyuma vya reli, utaletewa vingine usiku. Ukiuziwa chombo chenye chapa ya K.R., uliza kimetoka wapi, na muuzaji akianza kutazama kando, shika njia yako. Mzee aliyestaafu na sanduku lake ni jambo jingine, naye hakosi hadithi ya kila chuma.

KENGELENI NA KONGOWEA

Kutoka Changamwe turudi kisiwani, kisha tuvuke daraja la Nyali. Lililopo sasa ni la mwaka 1980, maana la kwanza, la 1931, lilikuwa likielea juu ya maboya. Ukishuka tu unafika Kengeleni, na kengele iliyopapa jina bado iko pale kando ya njia panda. Watu hupita chini yake kila siku wakikimbilia matatu bila kuinua macho. Hapa ndipo Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Kengele iligongwa kuwaonya wakazi.

Je, unajua kwamba baadhi ya wakazi wale wa mwanzo walikuwa mafundi waliohitimu? Meli za Uingereza zilikuwa zikiwakamata wafanya biashara ya watumwa baharini, na watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bara Hindi. Huko Nasik, karibu na Bombay, walifundishwa kusoma na pia kazi za mikono, wakawa maseremala na wahunzi. Ndio wale wanaoitwa katika historia Waafrika wa Bombay. Waliporudishwa pwani yetu, Rabai na Freretown, walirudi na kazi mikononi. Mtoto aliyeuzwa kama bidhaa akarejea akiwa fundi wa kuwajengea wengine nyumba. Kila nionapo mafundi wa Kisauni wakipiga randa barabarani, hukumbuka kwamba randa imekuwa ikilia mtaani humu kwa karne moja na nusu.

Si kwamba kabla ya hapo watu wa huku hawakukijua chuma. Mwanajiografia wa Kiarabu al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliwataja watu wa Mombasa na Malindi kuwa wachimba chuma.

Mwendo mfupi kutoka Kengeleni ni Kongowea. Siku hizi, tangu uchaguzi wa 2013, imo katika eneo bunge la Nyali, lakini ukimwambia mzee kwamba Kongowea si Kisauni atakukatalia. Soko lenyewe ni la vyakula na mitumba. Kwa vyombo vikuukuu, tembea pembezoni, kwa wale waliotandika gunia chini na kupanga spana, tupa, misumeno isiyo na meno na nyundo zisizo na mipini. Usiinamie nyundo unayoitaka. Inamia ile ya pembeni, ulizia bei yake, ikataze, kisha kama kwa bahati mbaya gusa ile ya roho yako. Muuzaji anajua unachofanya, nawe unajua kwamba anajua. Ndiyo heshima ya soko.

Utazame nini? Kwanza chapa. Neno Sheffield ni jina la mji wa Uingereza uliokuwa ukitengeneza vyuma vya kukatia kwa dunia nzima; utalikuta kwenye patasi za Marples, misumeno ya Spear & Jackson na jiliwa za Record. Ukiona neno Germany, kuna kisa. Mwaka 1887 Waingereza walitunga sheria ya kuzuia bidhaa za kigeni zisijidai kuwa za kwao, ndipo Wajerumani wakaanza kuandika jina la nchi yao. Ilikusudiwa kuwaaibisha, ikawa tangazo lao la biashara. Ukiona alama ya mshale mpana, hicho kilikuwa chombo cha serikali au jeshi la Uingereza. Mombasa ina sababu ya kuwa navyo. Mwaka 1942, Wajapani waliposhambulia Ceylon, manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamishia makao yake Kilindini.

Pili tazama uso wa nyundo. Ukiwa umefunguka pembeni kama uyoga, imefanya kazi nyingi, nayo inaweza kurusha vipande. Usiipige nyundo kwa nyundo nyingine kujaribu ugumu, maana chuma kigumu kikigongana na kigumu mwenzake hutoa chembe zinazopofusha. Tatu, tazama mpini kama upo. Wengi huutupa wakaweka mpya. Mimi kwangu mpini wa zamani ndio wenye thamani kuliko kichwa. Ushike, utaona kidole gumba kimechimba shimo lake mwenyewe. Huo si uharibifu. Ni kitambulisho cha mtu.

Ukiwa na nafasi, endelea hadi Bombolulu, kwenye karakana zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu. Wapeleke watoto waone chombo kidogo cha mkono kikifanya kazi ya subira. Sina haja ya kusema mengi, macho yatawatosha.

MJANE WA MTONGWE

Sasa turudi mjini tushuke kwenye feri. Likoni ina mengi, lakini mimi hukata kulia kuelekea Mtongwe, kambi ya wanamaji wetu, kisha huteremka ufukweni kwenye mashua zilizolazwa ubavu. Huko utakutana na vyombo ambavyo Sheffield haikuvijua.

Cha kwanza ni keekee. Ni kekee ya kutobolea mbao inayozungushwa kwa uta: kamba ya uta huviringishwa kwenye mti wa keekee, fundi husukuma na kuvuta uta kama mpiga fidla, na ncha ya chuma hula ubao polepole. Haihitaji umeme wala haivunji ubao. Kwa chombo cha namna hii ndivyo zilivyotobolewa mbao za mitepe, vile vyombo vya zamani vya pwani vilivyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Cha pili ni chembeu, patasi butu ya kukalafati. Fundi huitumia pamoja na nyundo ya mti kushindilia pamba iliyotiwa mafuta kati ya ubao na ubao ili maji yasipenye. Ukisikia mlio wa taratibu, ko, ko, ko, kutoka ufukweni, si seremala huyo. Anafunga njia ya bahari.

Nilipelekwa kwa mama mmoja mjane, ambaye marehemu mumewe alikuwa fundi wa mashua kwa zaidi ya miaka arobaini. Nikamsalimu, akanikaribisha barazani, akaniletea maji. Nilipomwuliza habari za vyombo vya mzee, alikaa kimya kidogo.

"Mwanangu, umechelewa wiki tatu," akasema. "Kijana wa mkokoteni alipita. Watoto wangu wako Saudia, hapana anayejua kutumia vitu vile. Vilikuwa vyanijazia chumba. Makapu mawili, nikapewa pesa za unga na samaki wa siku mbili."

Misumeno, majuba, randa, chembeu, vyote vilikwenda mizanini. Kilichobaki ni tezo moja, na ilibaki kwa kuwa mama mwenyewe huitumia kupasulia kuni. Alinipa niishike. Chuma kilikuwa kimenolewa miaka mingi mpaka kimebaki upana wa vidole vitatu. Mpini ulikuwa mweusi, laini kama mfupa. Nikamwuliza mume wake aliunda mashua ngapi kwa tezo ile. Akaanza kuhesabu kwa majina, si kwa namba: ile ya Gazi, ile ya Msambweni, mbili za Mtwapa, ile iliyozama Kusi. Alifika kumi na tisa akaacha, akasema nyingine anazijua mwenyewe kaburini.

Nikamwomba kijana wa jirani aandike majina yale kumi na tisa katika daftari la shule. Naomba uzingatie hili, msomaji, kwani ndilo ninalokusudia hasa. Bila yale majina, tezo ile ni kipande cha springi na mti. Na bila tezo mkononi, mama yule asingeyakumbuka. Nilimwona, kila jina lilitoka alipoigeuza.

Bara zaidi, ukiacha ufuko na kuingia mashambani, ulizia kotama, kisu kipana kilichopinda cha mgema wa mnazi, na kifuo, ule mti wenye ncha unaosimikwa ardhini kufulia nazi. Hivi bado vina kazi, kwa hiyo havina hatari ya upesi. Ila kotama za zamani zilizofuliwa na wahunzi wa vijijini zinapungua, zikipokewa na visu vya dukani.

DAFTARI NA MAFUTA

Pengine utasema, haya ni mambo ya wazee wenye nafasi. Sivyo. Huko Sheffield, muuza vyuma mmoja, Ken Hawley, alianza kwa kuokota vyombo ambavyo viwanda vilikuwa vikivitupa, na leo mkusanyo wake una ukumbi wake katika makumbusho ya mji, uliofunguliwa 2010. Kule Alaska, katika mji mdogo wa Haines, tangu 2002 kuna makumbusho ya nyundo tupu! Nairobi nasi tuna makumbusho ya reli yaliyofunguliwa 1971. Ng'ambo za Mombasa zinangoja mtu wake, na sioni kwa nini asiwe mwanafunzi wa kidato cha pili mwenye rafu moja ukutani.

Kazi yenyewe si ngumu. Upepo wa chumvi wa pwani hula chuma usiku na mchana, kwa hiyo ukipata chombo kiloweke katika mafuta ya taa siku nzima, ukisugue kwa waya laini, ukipanguse, ukipake mafuta ya cherehani kila baada ya miezi miwili. Usikipeleke kwa fundi mwenye mashine ya kusaga chuma, atafuta chapa kwa nusu dakika na kukudai pesa juu yake. Usikipake rangi wala vanishi. Nimeona tezo zilizopakwa vanishi zikaning'inizwa katika ukumbi wa hoteli, zinang'aa kama viatu vya bwana harusi, nikazionea huruma. Mpini ukiwa umekufa kabisa, mti wa mpera unafaa sana kuchongea mwingine, lakini ule wa kale uhifadhi, usiutie jikoni.

Halafu daftari. Andika kila chombo kinaitwaje, na kama mwenyewe ni Mdigo, Mgiriama au Mkamba, anakiitaje kwao. Andika nani alikitumia, wapi, kwa kazi gani, na kitu gani kilichojengwa nacho ambacho bado kimesimama. Anza na nyundo ya nyumbani kwenu. Mwulize baba, au babu akiwapo, na umwache aishike wakati anajibu.

Ukitaka kwenda ng'ambo kutafuta, chagua Jumamosi asubuhi. Changamwe na Kisauni kuna matatu kutoka mjini muda wote, na Likoni feri haimtozi anayevuka kwa miguu. Beba pesa ndogondogo, kipande cha kitambaa na chupa ndogo ya mafuta. Ukirudi na tezo, lifunge vizuri kwa gazeti, hata hili hili ukishalisoma, kisha ulikaze kwa kamba, kwa maana askari wa kivukoni watataka kujua unalipeleka wapi.